Mstari Uliomshinda Mama Estera

Wachungaji wetu, wakuu wa ukoo, ndugu wa kambi ya uamsho mliokuja na kanzu zenu nyeupe kwenye matope haya, na ninyi majirani mliokesha nasi tangu Jumanne, mimi ni Naivo, mume wa Hanta, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama mkwe wangu, ambaye enzi za uhai wake aliniambia mara nyingi, "Mkwe, ukinisifu kwa uongo siku ya kunizika nitainuka nikuaibishe," na kwa jinsi ninavyomjua, sithubutu kumjaribu.

Marehemu Razanadrasoa Estera alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji hiki cha Ankazotsara, akiwa mtoto wa tatu wa katekista Rajoela na mkewe Razafy, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, baba yake alipoamua kwamba msichana anayeweza kusoma Biblia na kuhesabu ng'ombe amekwisha kuhitimu. Kwa baba huyo alirithi ibada ya nyumbani, alfajiri kabla ya kuwasha moto na jioni kabla ya kupakua wali, watu wote wakiwa wameelekea pembe ya kaskazini mashariki, ile ya heshima, mlango wa magharibi ukiachwa wazi ili mpita njia akitaka kusali aingie, silaha zote zikibaki nje, na kabla ya Baba Yetu kila mmoja akisema amemkosea nani siku hiyo, jambo ambalo mimi nilipokuja kuoa hapa lilinitoa jasho kuliko mahari.

Tarehe 19 Agosti 1972 alifunga ndoa na Ralaivao Samoela, mkulima wa mpunga na mfugaji, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti hata kwa ng'ombe, wakajaliwa watoto watano, ambao kati yao Mungu amewabakiza Rivo, aliyezaliwa mwaka 1975, na Hanta, aliyezaliwa mwaka 1978. Mwaka 1974 marehemu aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa uamsho, na tangu hapo kila Alhamisi alivaa kanzu yake akaenda kambini, akanyoosha mikono juu ya wagonjwa na kuyaamuru mapepo yatoke, kwa sauti ambayo majirani wanasema hata mbwa wao walikuwa wakitoka.

Jioni ya tarehe 9 Juni 2004, zamu ya kulinda zizi ilikuwa ya baba Samoela, naye aliposikia wimbo wa ibada umeanza aliuegemeza mkuki wake ukutani nje, kama ilivyokuwa desturi, akaingia akapiga magoti na kufumba macho. Wezi wa ng'ombe, hao dahalo ambao hakuna nyumba hapa isiyowajua, walikuja wakaukuta mlango wazi, familia nzima imewapa mgongo, na mkuki umesimama pale kama uliowekwa kwa ajili yao, na sala ilikuwa imefika "utusamehe makosa yetu" mkuki huo ulipomwingia mwenye nyumba chini ya bega, ukatokea kifuani, akaanguka kifudifudi kwenye mkeka. Hanta wangu walimpiga kwa kitako cha bunduki hadi meno yakatoka, mama walimpasua bega kwa panga alipoung'ang'ania mwili wa mumewe, wakachoma paa, wakaswaga ng'ombe wote, na yule aliyeurusha mkuki, kijana aliyeitwa Tsivery, alirudi kuuchomoa, akakanyaga mgongo wa marehemu baba ili utoke vizuri. Mama alimwona uso.

Alfajiri iliyofuata, maiti ikiwa imelazwa ndani na nyumba haina paa, mama aliita ibada, bega likiwa limefungwa kwa kitenge kilicholowa damu, akafungua mlango ule ule, na sala ilipofika kwenye mstari wa kuwasamehe waliotukosea, akanyamaza. Hanta alidhani amezidiwa na kilio, akaendelea peke yake, ndipo mama akamshika mkono akamwambia, "Wewe sema kama unaweza, mwanangu. Mimi siwezi, na Mungu si mtoto wa kudanganywa na peremende." Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, yeye aliongoza sala yote, akifika pale anafunga mdomo, anangoja wenzake wapite, kisha anaungana nao mbele, na kila mchungaji aliyekuja kumshauri aseme tu, hata kwa juu juu, aliondoka na masikio yamemwaka moto.

Rivo yeye aliacha kusali, na aliporudi ibadani baada ya miezi kadhaa alikuja na shoka, mama akamwambia aliache nje, naye akamjibu mbele yetu wote, "Baba aliacha mkuki nje, ukamrudia mgongoni. Shoka langu halitoki mkononi." Tulidhani mama atamfukuza, maana kwa sheria za ibada yake alikuwa mkali kama pilipili, lakini alisema, "Basi kaa nalo, ila kaa," na kwa miaka mingi ibada ya nyumba hii imekuwa na shoka ndani yake.

Alhamisi tarehe 13 Oktoba 2005 wanakijiji walimkamata Tsivery akivuka mto na ng'ombe wa wizi, wakamfunga kwenye nguzo ya zizi, na kwa kuwa patano la kijiji lilisema mwenye msiba ndiye anayeanza kumpiga mwizi, walimfuata mama kambini, akaja na kanzu yake nyeupe, akakabidhiwa mchi wa kutwangia mpunga. Hakuusukuma pembeni, hapana, na yeyote atakayewaambia aliusukuma hakuwepo, aliupandisha kwa mikono miwili akampiga yule kijana, mfupa wa mkono ukavunjika kwa mlio tuliousikia sote, kijana akalia, "Mama yangu!" na umati ukashangilia, mtu mmoja akapiga kelele, "Ongeza, Mama Estera, la kichwa sasa!" Mchi ulipanda mara ya pili, ukabaki juu, halafu akautupa, akageuka akampa Tsivery mgongo, akatunyooshea sisi mikono yote miwili kama anavyowanyooshea wenye mapepo, akanguruma, "Tokeni! Kwa jina la Yesu wa Nazareti, tokeni!" Watu walioisikia sauti ile kambini tangu utotoni miguu yao ilirudi nyuma yenyewe, lakini mawe yalikuwa yamekwisha kuruka, na moja lilimpata mama jicho la kushoto, jicho likapasuka, kanzu ikawa nyekundu hadi kiunoni, naye hakushusha mikono mpaka askari walipofika. Jiwe hilo lilitoka mkononi mwa Rivo, naye mwenyewe ameniambia nilisome.

Jioni ile ile, kichwa kikiwa kimefungwa, mama aliongoza ibada, Rivo akasema, "Mama, nimekutoboa jicho," mama akajibu, "Nimekusamehe, haya sogea," na ilipofika zamu yake akasema, "Leo nimevunja mkono wa mtu, na nilitaka kichwa," kisha kwenye mstari ule akanyamaza kama kawaida. Hanta alishangaa akamuuliza, "Si umemwokoa?" naye akasema, "Nimemwokoa. Sijamsamehe. Usichanganye ugali na maji ya kunawa."

Tsivery alifia gerezani mwaka 2009, na mama aliendelea kunyamaza, hadi asubuhi ya tarehe 3 Mei 2017, siku isiyo na jambo lolote, mstari ulipofika tukamsikia ameusema wote, kwa sauti ya kawaida, sisi tukakatika katikati ya sala tukimtazama, akatugombeza, "Mmeona nini? Malizeni, kuna kazi." Nilipomuuliza kumsamehe maiti kuna faida gani, alisema, "Yeye kafa zamani, Naivo, mimi ndiye niliyekuwa bado namlisha. Kila siku nilimwambia Mungu achukue, naye akachukua punje punje, kama panya ghalani, leo nimeamka nimekuta ghala tupu."

Mwezi Januari mwaka huu alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa hospitali ya misheni, akaomba arudishwe nyumbani, akafariki Jumanne tarehe 16 Februari 2021, baada ya ibada ya asubuhi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ndugu wa kambi, walimu wa kwaya ya Hanta, na majirani kwa mchele, kuni na mabega yenu.

Jambo moja la mwisho. Tutakapofika kaburini tutasali Baba Yetu, na kwenye mstari ule Rivo atanyamaza, kwa sababu hadi asubuhi ya leo hajaweza kuusema, si kwa ajili ya Tsivery peke yake, bali pia kwa ajili ya mkono wake mwenyewe. Mama alituagiza mtu asimsukume wala asimgeukie. Tutasimama hapo naye, shoka lake likiwa mkononi, tutamngoja.

Nenda ukapumzike, Mama Estera, kwa amani uliyoipata polepole.