Mama Taratibu Hakupoteza Hata Sauti Moja

Tarehe thelathini ya mwezi huu, fundi wetu wa kompyuta anastaafu baada ya kuitumikia redio hii kwa miaka ishirini na tisa. Ana jina lake kamili kwenye faili la utumishi, lakini ukiliulizia getini utaambiwa mtu huyo hayupo. Ulizia Mama Taratibu.

Alianza kwa kukata na kuunga kanda za sauti kwa wembe na utepe wa gundi. Kompyuta zilipoingia, wengi tulizikwepa. Yeye alizifungua, akazipangusa vumbi, akazizoea. Chumbani kwake kuna feni inayolalamika na hakuna kiti cha mgeni, maana anasema mgeni akikaa huanza kumharakisha.

Mkurugenzi aliwahi kujaribu. Kompyuta inayotunza vipindi vyetu vyote ilikuwa imekufa, na mpya iliyoletwa ikakataa kuwaka kwa diski tuliyoitoa kwenye ile ya zamani. Diski iligawanywa kwa mtindo wa zamani, MBR. Mashine mpya ilitaka mtindo wa GPT. Kuibadilisha diski kwa njia ya kawaida kungefuta kila kitu. Programu ya kubadilisha bila kufuta ilikuwepo, ila nayo iligoma: inakubali diski yenye sehemu zisizozidi tatu, na yetu ilikuwa na nne.

Ile ya nne ilikuwa ndogo, haina hata jina.

"Hiyo takataka, futa tuendelee," mkurugenzi akasema. "Wasikilizaji wanangoja."

"Subiri niisikilize kwanza, mwanangu," akajibu Mama Taratibu. Ndivyo anavyomwita mkurugenzi, na mkurugenzi huitika.

Akavaa hedifoni. Alipozivua, alikuwa anajifuta macho. Mle ndani mlikuwa na salamu za asubuhi za marehemu mtangazaji wetu, mke wa dereva wa ofisi, ambazo sote tuliamini zimepotea.

Basi akanakili diski nzima kwenye nyingine, akaifungua nakala hapa na pale kuhakikisha inasikika. Akazihamishia salamu kwenye sehemu kubwa, ndipo akaiondoa ile ya nne na kuiachia programu kazi yake. Sisi tulijazana mlangoni kama ndugu wanaongoja habari za mgonjwa. Mashine mpya ikawaka. Vipindi vyote vilikuwepo.

Hakushangilia. Alimwita dereva, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamvisha hedifoni, akatoka na kufunga mlango. Kila aliyetaka kuingia, mkurugenzi akiwemo, aliambiwa chumba kina kazi. Dereva akatoka. Akaushika mkono wa Mama Taratibu kwa mikono yake yote miwili. Binti wa dereva, aliyefiwa na mama akiwa bado ananyonya, leo anaijua sauti ya mama yake.

Ahsante, Mama. Nenda ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Afya yako iwe njema, na nyumba yako isikaukiwe na vicheko.