Mtoto Aliyegeuka Samawati

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa! Nawasikia huko jikoni mkijibu: tega. Haya. Anatoka majini akiwa kijani, akipigwa na hewa anageuka samawati. Wafumaji wameshacheka. Ni uzi, uzi uliochovywa kwenye nili. Lakini siku moja hapa kijijini hakuwa uzi. Alikuwa mtoto.

Leo tunamkumbuka Bi Eufemia Lazo, mtia rangi wa nyuma ya kanisa. Tulimzika jana. Mtoto yule alikuwa wake.

Eufemia alikuwa mkamwana mgeni. Mtungi wa nili ulikuwa wa mama mkwe wake, Bi Tomasa. Ulikuwa umezikwa nusu ardhini uani, na nili yake ilikuwa hai kama chachu, inalishwa, inafunikwa blanketi isishikwe na baridi. Nusu ya kijiji ilichovya sufu humo. Na mwiko mnaujua: nili haipigiwi kelele. Ukigomba karibu nayo, inakufa. Watoto wa nyumba ile walipita pale wakinyata.

Binti yake, Delfina, alikuwa na miaka minne. Aliinama kuchungulia mtungini. Eufemia alipogeuka aliona nyayo mbili tu juu ya mdomo wa mtungi. Akamvuta. Mtoto akatoka kijani, na mbele ya macho ya mama yake, kuanzia nywele, akaanza kugeuka samawati.

“Nilidhani ndivyo mtu anavyokufa,” aliniambia Eufemia.

Hakufa. Alipumua. Lakini hakusema. Wala hakulia. Wiki nzima amelazwa mkekani karibu na mtungi, macho wazi, uji wa mahindi unamtoka pembeni mwa mdomo. Ugonjwa huo tunaujua, wasikilizaji wapendwa: mshtuko. Roho imebaki pale mtu alipoanguka. Isipoitwa, mtu hunyauka mpaka aishe. Na huitwa kwa sauti, pale pale.

Pale pale! Penye mtungi!

“Kamwitie mtoni,” akasema Bi Tomasa. “Maji ni maji.”

“Mama, hakuangukia mtoni.”

“Ukibweka hapa utaniulia nili! Sufu ya watu imo humo!”

“Na mtoto wangu je?”

“Basi mnong’oneze.”

“Roho haisikii minong’ono, mama.”

“Ee Mungu! Nilimtuma mwanangu alete mke, kaniletea bata mzinga!”

Eufemia akaenda penye mtungi. Akapuliza kwa kinywa mezkali, ile pombe kali ya kuitia roho, kuzunguka mtungi. Akafunua blanketi, akaliinamia lile giza.

“Delfina! Toka humo! Delfina, twende nyumbani!”

Majirani tulipanda ukutani, na mimi nikiwemo. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mpaka sauti ikapasuka, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Nyuma yake, mkekani, kitu kikasema: “Mama.”

Nili ilikufa, nisiwafiche. Povu lilizama, ua ukanuka. Bi Tomasa hakumsemesha mkamwana wake hadi Kwaresima. Eufemia aliomba kata moja ya nili kwa jirani, akaanzisha mtungi wake mwenyewe. Lakini hofu haikumtoka. Kila uzi ulipotoka kijani, alitazama pembeni mpaka ugeuke.

Jana makaburini Delfina, naye sasa ana mvi, alinivuta kando, mimi anayeniita shangazi kwa ujirani.

“Shangazi, roho yangu haikupotea. Nilikuwa nawasikia wote. Lakini mlinilaza karibu na mtungi. Nilidhani nimeshaiumiza nili kwa kuanguka. Nikikohoa tu, itakufa. Mama alipopiga kelele, ndipo nikajua inaruhusiwa.”

Nikamuuliza, “Ulimwambia mama yako?”

“Wiki iliyopita, kitandani. Alinikamata mkono kama alivyonitoa mle. Akasema, ‘Mimi nikifa, usinililie kimyakimya.’”

Na Delfina hakulia kimyakimya. Walimsikia hadi ng’ambo ya mto.

Pole, Delfina. Poleni, wajukuu na watu wote wa nyumba ya Lazo. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani mwenu kuna mtoto mnayemsifu kwa ukimya, leo msimsifu. Ketini naye. Mwulizeni anaogopa kuua nini.