Kinyozi Aliyelala na Lenzi

Mbele yangu kwenye basi alikaa kinyozi mwenye jicho jekundu kama pilipili. Kando yake alikuwa muuguzi wa macho, akielekea kazini. Hawakujuana.

"Kaka, umelala na lenzi machoni," muuguzi akasema.

"Siku nne, dada. Mke wangu ndiye hunivalisha na kunivua. Tumekosana, kaenda kwao. Namfuata."

"Kwani wewe huna vidole?"

"Ninavyo. Wembe naupitisha kwenye koo za watu, ila jicho langu siwezi kuligusa."

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Lenzi hawakuzijua.

Muuguzi hakucheka. "Jicho linataka hewa. Ukilifunika usiku kucha vijidudu vinazaliana, kidonda kinaingia kwenye kioo cha jicho, unapofuka. Hospitali ni kituo kinachofuata. Shuka nami."

"Nikichelewa, wakwe watasema simtaki binti yao."

"Ukifika na jicho hilo watasema umelia."

"Si nimelia kweli?"

Nina kitendawili cha majirani wawili wasioonana, ila hulia pamoja. Jibu lake ni macho, lakini siku hiyo ningekubali pia mume na mke.

Kinyozi akampigia mkewe simu. Sauti ya mwanamke niliisikia hata mimi wa nyuma, bila salamu: "Usiniambie umelala na zile lenzi."

"Siku nne," kinyozi akakiri.

"Nenda hospitali, nakuja. Na ugomvi wetu haujaisha."

Basi likasimama. Akashuka nyuma ya muuguzi, simu sikioni, akiitikia kwa upole, "Ndiyo, bibie. Haujaisha."