Lori Ambalo Mzee Darubini Hakuliona

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa kufuli na funguo ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Darubini. Fundi wa kufuli, mpenzi wa ndege, baba wa binti mmoja. Amefariki akiwa na miaka sitini na mmoja. Na jinsi alivyofariki, majirani zake hadi leo wanashika vichwa.

Ilikuwa Jumanne, saa moja na nusu asubuhi. Mzee Darubini alikuwa anavuka barabara kwenda kufungua kibanda chake. Juu kidogo, kwenye mteremko, lori la mbao lilikuwa limeegeshwa. Injini imezimwa, dereva kaingia dukani kununua maji. Breki ikaachia. Lori likaanza kurudi nyuma, bila mlio wowote.

Muuza magazeti aliliona, akaruka mtaro. Wanafunzi waliliona, wakatawanyika. Watu wakapiga kelele. Mzee Darubini akasimama katikati ya barabara, akageukia kule zilikotoka kelele. Aliwaelekea watu waliomwita, mgongo akaligeuzia lori, nalo likamgonga.

Wasikilizaji wapendwa, tunarudia ili tuelewane. Lori lilikuwa wazi, mchana kweupe. Yeye akageukia sauti.

Msibani swali lilikuwa moja. Mtu aliyemtambua mdiria ng'ambo ya bwawa, ndege asiyefika hata kiganja, ameshindwaje kuliona lori zima? Wengine walisema ni mawazo. Wengine, siku yake imefika. Swali hilo lilimchoma zaidi binti yake, mshonaji wa sare za shule, maana yeye ndiye aliyekuwa naye bwawani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa miaka minane.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya kiwanda cha matofali. Maji ya udongo, matete, na ndege wengi kuliko unavyodhani. Yangeyange, mnandi, kwarara, mbayuwayu wanaogusa maji na kupaa. Baba na binti waliwahesabu, na baba akapeleka karatasi ya hesabu kwenye ofisi ya uhifadhi wa ndege. Hesabu hiyo si mchezo. Bwawa lilikuwa lifukiwe lijengwe ghala, na karatasi za wale wawili ndizo zilizolinusuru.

Mzee alikuwa na sheria moja: jina la ndege huja mwisho. Binti akisema, "Baba, mdiria yule," anakatizwa. "Mama, sijakuuliza anaitwa nani. Nieleze mdomo wake." Binti aeleze mdomo, kisha miguu, kisha mkia, kisha ndege anafanya nini. Mzee kashika darubini yake usoni, kimya. Akiridhika anatikisa kichwa, binti anaandika. Asipotikisa, haandikwi ndege hapo. Binti alizoea hivyo hata nyumbani. Siku mchumba wake alipokuja kujitambulisha, binti alimnong'oneza baba yake jikoni: shingo ndefu, miguu myembamba, anakula bila kuinua kichwa. Mzee alicheka mpaka akamwaga chai.

Sasa sikilizeni. Siku ya tatu baada ya mazishi, alifika mama mmoja mwenye mkoba. Ni muuguzi wa kliniki ya macho. Alidhani familia inajua. Alitoa pole, halafu akasema alimsihi mzee mara nyingi asitembee peke yake barabarani.

Mjane akauliza, kwa nini?

Muuguzi akawatazama mmoja mmoja. Ndipo alipoeleza kwamba mzee alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikufa miaka minne iliyopita. La kushoto lilibaki na mwanga na vivuli tu.

Miaka minne. Mzee Darubini, wasikilizaji wapendwa, hakuwa anaona.

Kisha mjane akaanza kusema, taratibu, kama anayeokota shanga sakafuni. "Miaka thelathini hajaniuliza rangi ya shati. Ghafla kila asubuhi, mke wangu, nichagulie shati. Nikasema moyoni, uzee umemletea mahaba." Alicheka kidogo, akajifunika uso kwa kanga.

Na kazini je? Kufuli hufunguliwa kwa vidole na sikio. Alikaza kitasa kwenye jiliwa, kibanio chake cha mezani, akapapasa meno ya ufunguo, akapiga tupa. Hakuna mteja aliyerudisha ufunguo. Nani angeshuku?

Binti hakulia. Alikwenda chumbani, akatoa daftari la ndege, akakaa nalo kwenye cherehani. Kurasa za miaka minne. Kila ndege aliandikwa baada ya kichwa kutikiswa, na aliyetikisa alikuwa haoni. "Basi nilikuwa naandika nini?" ndivyo alivyomwambia mama yake. Hasira ilimpanda, kisha aibu, kisha hofu. Kama hesabu ni ya uongo, ni lazima aiambie ofisi. Na akiiambia ofisi, bwawa litafukiwa, na kitu cha mwisho alichokipenda baba yake kitakwenda naye.

Mama yake alimwambia aache, marehemu hasemwi. Binti akajibu kwamba si kumsema marehemu, ni kusema kweli. Asubuhi akapiga simu.

Aliyepokea ni mtunza rejista wa ofisi ya ndege, mwanamke mwenye sauti ya mafua. Binti akamweleza yote bila kuficha. Akaomba kurasa za miaka minne zifutwe.

Mtunza rejista akamwambia asubiri. Ikasikika droo, ikasikika karatasi. Aliporudi alisema, "Dada, baba yako alikuja hapa mwenyewe miaka minne iliyopita. Alitueleza hali ya macho yake. Akaomba jina lake litolewe. Mwangalizi wa bwawa lile ni wewe. Yeye kaandikwa msaidizi, kwa sauti za ndege tu."

Binti akauliza kama ana hakika.

"Karatasi yenyewe nimeishika hapa. Tulimwuliza, binti anaweza? Akasema, anaona kuliko nilivyowahi kuona mimi. Akatuomba tusikuambie. Alisema ukijua ni wewe tu, utaogopa."

Hapo ndipo alipolia, wasikilizaji wapendwa. Mzee hakuwa akithibitisha kwa macho yake. Alikuwa akisubiri maelezo ya binti yakamilike. Maelezo yakiwa na pengo, hatikisi. Yakitimia, anatikisa. Ndege wote wa kurasa zile aliwaona binti. Mshangao huo, anatuambia, ni mzito kuliko ule wa muuguzi. "Bado nina hasira naye," anasema. "Angeniambia, ningemshika mkono Jumanne ile. Nampenda, na nina hasira. Vyote viwili."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikafika, siku kumi na moja baada ya mazishi. Alikwenda bwawani peke yake. Alihesabu yangeyange thelathini na wawili, mnandi tisa. Kisha katika matete akatokea ndege mdogo wa kahawia asiyemfahamu. Alimtazama mdomo, miguu, mkia. Akangoja, kwa mazoea. Hakuna aliyetikisa kichwa. Ndege akatikisa mkia mara mbili, akazama kwenye matete.

Binti akaandika: mmoja, sijui jina, nimemwona. Akatia sahihi.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa wateja wa kile kibanda kilichofungwa, tunasema poleni sana. Mungu awape subira. Marehemu apumzike kwa amani.

Nasi tuliobaki tuna la kutafakari. Presha ya macho haiumi wala haipigi hodi. Nendeni mkapimwe, na wazee wenu muwapeleke. Lakini lipo na lingine. Katika nyumba nyingi kuna mtu anayebeba jambo lake kimya ili wenziwe wasiogope, na anadhani huo ndio upendo. Kama mtu huyo ni wewe unayetusikiliza sasa hivi, tunakuomba kwa heshima: mwambie mmoja. Mmoja tu, kabla hujatoka mlangoni.