Chembe Changu cha Moyo Ninacho

Assalamu alaikum, wenzangu wa kikundi. Mama zangu, shikamooni. Leo nimesimama kushukuru, na nikilia mnivumilie.

Mnajua niliugua malaria nikalazwa. Nilipopata nafuu, watafiti pale kituo cha afya wakaniomba damu kidogo. Dada wa maabara akanieleza kwamba mtu akitoka kuugua, damuni mwake mna chembe zinazotoa kingamwili, ile kinga inayomkamata mdudu wa ugonjwa. Wanazitafuta moja moja, pengine siku moja itoke dawa. Nikakubali kwa hiari yangu.

Kufika nyumbani Munje, nikamwambia mama mkwe, "Wanatafuta chembe kwangu." Yeye akasikia chembe cha moyo! Lo! Akajishika hapa, katikati ya kifua. "Mwanangu, umewapa chembe cha moyo? Utaishije?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile lilikimbia kushinda bodaboda za Lunga Lunga. Mara nikaambiwa nimejiuza kwa mumiani, wale wanyonya damu. Mahamri yangu yakalala, hanunui mtu. Wewe unayecheka huko nyuma, ulivuka barabara usinisalimie. Nimeshakusamehe, cheka tu. Lakini lililoniuma hasa ni mama mkwe kukataa kula chakula cha mkono wangu. Alipika chake kando, tukawa nyumba moja kama wapangaji. Nililia mpaka nikawaza kurudi kwetu Kinondo.

Aliyeniokoa ni wifi yangu. Alimwambia mama, "Twende tukamuulize aliyesema." Tukaenda sote watatu. Dada wa maabara hakucheka. Alimwamkia mama, akamkalisha, akamwonyesha kisahani chenye vishimo vidogo vidogo.

"Mama, ni kama unavyochagua mchele. Kila chembe ya damu tunaitia kwenye kishimo chake, peke yake, tuone ipi inatoa kingamwili ya kumkamata mdudu wa malaria. Tukiipata, tunasoma namna inavyoitengeneza, nasi tujaribu kuitengeneza. Bado tunatafuta."

Mama akauliza, "Na chembe chake cha moyo?"

"Hicho hakitoki kwa sindano, mama. Anacho."

Mama akanigeukia, akaniwekea kiganja kifuani. "Moyo unapiga," akasema. Tukalia sote wawili, wifi akatucheka.

Alhamdulillahi. Ahsante wifi yangu, ahsante dada yule kwa subira yake, na nyinyi mlionirudia. Neno likikutisha, mfuate aliyelisema umuulize, usimuulize jirani.

Na wewe mama mkwe, tulipofika nyumbani siku ile ulikaa jikoni kwangu ukasema, "Nipakulie, nina njaa." Sijapata kuambiwa neno tamu kama lile. Ahsante, mama.