Pembe za Siku ya Mashujaa

Teksi ya Ntinda ilikuwa njiani Katembo, Mkongo aliyeketi kando ya Nerima, alipomuuliza zile pembe za kitambaa alizopakata ni za nini.

"Nampelekea mwanangu shuleni. Leo ni siku ya mashujaa," alisema Nerima, ambaye siku tatu za kushona zilikuwa zimemmalizia subira. "Mwalimu alinipigia simu, eti mtoto avae kama fahali ya kwenu. Kwetu Bungoma sawa, lakini hapa nafuga kuku wawili tu."

Katembo aliigusa pembe moja. "Mama, ule mwalimu ni Muganda?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Basi alisema fahari. Ku kinywa ya Waganda r inakuwaka l. Mtu munajivunia ku nyumba. Mutoto wa kwangu pia iko na ile siku leo: amevaa aproni ya mama yake, ule anauzaka samaki ku soko ya Ggaba."

Nerima alizitazama pembe, alizozishindilia pamba mpaka zikasimama wima. "Kumbe ndiyo maana mwanangu aliniomba koti langu la kufagilia wodi," alisema. "Nikamfokea aache upuuzi."

Teksi ikasimama. Konda, Muganda naye, alikuwa ameyasikia yote.

"Mama nyabo, tumefika. Shuka na fahali yako."

Nerima alishuka bila kujua alimaanisha ipi.