Mtoto Aliyekataa Majina

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Itikieni polepole, mjukuu wangu amelala hapa mgongoni. Mwaka jana ningecheka mtu akiniambia nitaomba asiamshwe, maana mtoto huyu hakuwa akilala. Alilia tu. Mimi ni kiongozi wa akina mama wa maombi, na leo nasimama mbele yenu na aibu. Nimemwomba mchungaji aniache niseme yote.

Mnajua sisi hapa Rangwe mtoto hupewa jina la mtu wetu aliyefariki, na akilia sana tunasema amelikataa. Mke wa mwanangu, tunayemwita Nyar Migori kwa sababu ametoka huko, alipojifungua msichana, nilikimbilia kumpa jina la mama yangu mzazi, Awuor. Wazee walitaka Anyango, jina la mama mkwe wangu. Nikakataa. Mimi na yule mama tuliishi boma moja miaka mingi bila kupatana, na alipokufa sikutoa machozi ya kweli.

Mtoto akaanza kulia. Akishika titi anavuta kidogo, anapaliwa, anaachia, analia. Nikasema moyoni, huyu mama mkwe hata kaburini hajaniacha. Tukambadilishia jina, akawa Anyango. Akalia. Tukajaribu Akoth, shangazi wa mume wangu. Akalia. Nami, ndugu zangu, niliingia kwenye maombi hapa hapa kanisani nikamkemea marehemu kwa sauti, ninyi mkiitikia amina bila kujua ninamkemea nani.

Wakati huo wote mtoto alikuwa akikonda. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea kama soksi kuukuu. Mama yake alimnyonyesha amejifunika leso, akiwapa watu mgongo. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa akificha maziwa yaliyotoka puani, akiogopa nitasema ametuletea kitu kibaya kutoka kwao. Na ningesema. Nawaambia ukweli, ningesema.

Lakini Bwana hakutuacha. Siku moja Nyar Migori alichoka na mimi. Akambeba mtoto kwenda kliniki bila kuniaga, nami nikamfuata barabarani na hasira zangu. Nikaingia nikimweleza sista habari za majina. Sista alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akamfungua mtoto mdomo na kumulika kwa tochi ya simu.

"Dani, kuja uone," akaniambia, akiniita nyanya kama mjukuu wangu.

Nikaona tundu juu, kwenye kaakaa, mahali ambapo mimi na wewe tuna nyama.

"Huyu hajakataa jina. Ako na njaa. Maziwa yote inapitia kwa pua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimezaa, nimelea na watoto wa wenzangu, lakini sikuwa nimeangalia ndani ya ule mdomo hata mara moja. Midomo ilikuwa mizuri, basi nikatosheka, nikaenda kugombana na wafu.

Sista alitufundisha kumkalisha wima, kumnywesha kwa kikombe kidogo, polepole, na kumcheulisha. Alisema tundu huzibwa kwa upasuaji, lakini hapasuliwi mpaka aongeze uzito. Nilimwomba Nyar Migori msamaha. Alinipa kikombe. Tangu hapo nikawa mnyweshaji, na shingo ya mtoto ikaanza kujaa.

Hospitalini, mjini Homa Bay, madaktari waliziba lile tundu. Akatoka na mikono imefungwa vibao ili asitie vidole mdomoni. Nilipoambiwa nimnyweshe, sikuangalia kikombe, niliangalia pua. Akameza. Akameza tena. Pua ikabaki kavu. Nikalia hapo wodini mbele ya watu, nikamshukuru Mungu, na nikamlilia mama mkwe wangu machozi niliyomnyima siku ya mazishi. Tukamrudishia mtoto jina lake, Anyango, na halibadilishwi tena.

Ndugu zangu, kama kuna mama hapa anayenyonyesha akijificha, aje kwangu baada ya ibada. Sitamuuliza kwao ni wapi. Tutamwangalia mtoto pamoja na nitamsindikiza kliniki. Mtegemee Mungu, dada yangu, hata kama sisi akina mama wa maombi tunakutisha.

Naona ameamka. Analia. Nipisheni nikae nimpe maziwa yake.